Jibini Kwenye Jiko la Mama

Tulipomzika mama yangu, Desemba iliyopita, nyumbani Machame, binamu yangu Kalebu aliniita mbele ya waombolezaji kwa jina ambalo nilidhani limekwisha kufa. "Mkwe!" akapaza sauti kutoka kwenye masufuria ya msibani. "Leo nani anapika?" Wazee wakacheka, maana ulikuwa msiba wa bibi aliyeshiba miaka yake, na katika misiba ya namna hiyo kwetu watu huruhusiwa kucheka. Nami nikacheka pamoja nao. Nina mvi kichwa kizima, nina wajukuu, nimekuwa mzee wa mtaa kanisani, na bado masikio yangu yalipata moto kama ya kijana aliyeshikwa na kitu cha watu mfukoni. Binti yangu mkubwa, Ndeshi, alikuwa kakaa karibu yangu. "Baba, kwa nini wanakuita Mkwe?" Nikamwambia ni utani wa ujana, upuuzi mtupu, kisha nikainuka kwenda kupanga magari ya wageni njiani, kazi ambayo hakuna mtu aliyenipa. Ukweli ni kwamba habari hiyo inamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye mtoto aliyekuwa analia.

Mwaka aliozaliwa Ndeshi nilikuwa kijana wa mlimani. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka baba yangu aling'oa nusu ya mibuni akapanda nyanya, na kampuni za kupandisha wazungu Kilimanjaro zilikuwa zinafunguliwa mjini Moshi karibu kila mwezi. Kila kijana mwenye miguu mizuri alikuwa mpagazi. Mimi nilianza kwa kubeba mizigo, nikapanda cheo nikawa mpishi. Msidhani cheo hicho kilikuwa kidogo. Kule juu mpishi ni mtu mkubwa, kiongozi wa safari mwenyewe humwita kaka, maana mgeni akiharibikiwa tumbo safari imekwisha. Nilijua kupika supu ya uyoga, nilijua chapati za maji za wazungu zile wanazopaka asali, na zaidi ya yote nilijua mkate wa jibini wa kuchoma, ambao tulikuwa tukiwapa wageni wakifika kambini wamelowa mvua, midomo ya buluu. Nimeona wanaume wazima wakifumba macho wanapoutafuna. Jibini lilikuwa kitu kigeni kwetu, ingawa Machame ni nchi ya ng'ombe. Maziwa tuliyanywa, mtindi tuliunywa, samli tuliitia kwenye chakula, lakini maziwa yaliyogandishwa yakawa kama sabuni, hapana. Sisi vijana tuliita chizi, tukazoea kula mabaki yake. Na nilipokuwa nimechuchumaa kwenye hema la kupikia, sweta limechanika viwiko, mikono inanuka vitunguu, hakuna mwanaume aliyewahi kunicheka. Ile ilikuwa kazi.

Mke wangu, Stela, alizaliwa na kukulia Njoro, mjini Moshi. Mama yake alifariki yeye akiwa msichana, kwa hiyo alipokuwa karibu kujifungua mtoto wetu wa kwanza hapakuwa na mjadala, akaletwa kwa mama yangu Machame alelewe uzazi. Niwaeleze wasiojua. Kwetu mwanamke akijifungua anaitwa mzazi, na mzazi hukaa ndani miezi mitatu bila kugusa jembe wala mwiko. Kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha. Mama mkwe ndiye anayemlisha, asubuhi, mchana na jioni, na miezi ikiisha anamtoa nje, anampeleka kanisani na sokoni amevaa kitenge kipya, na watu wanamtazama. Wanamtazama mashavu, wanamshika mkono wa juu. Kama mzazi amenenepa na ngozi inang'aa, sifa ni za mama mkwe. Kama ametoka mkavu, nako mama mkwe ndiye anayesemwa, na atasemwa mpaka wajukuu waoe. Mama yangu alikuwa amewatoa wake za kaka zangu wakubwa mpaka watu wakasimama njiani kuangalia. Alikuwa hajisifu, lakini ukimsifu hakukukatiza.

Chumba cha mzazi kilikuwa kile cha nyuma, karibu na zizi. Nakikumbuka vizuri kuliko chumba ninacholala sasa. Kitanda cha mninga, pazia la maua mekundu lililokaa limefungwa mchana kutwa, karai la kumwogeshea mtoto, na harufu ya maziwa, moshi na samli vikichanganyika mpaka ukitoka nje hewa unaiona nyepesi. Asubuhi mama aliingia na kitawa, ndizi zilizopondwa na maziwa, bakuli limejaa mpaka ukingoni. Mchana ulikuwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, samli inaelea juu unene wa kidole kizima. Jioni supu ya mbavu. Katikati ya hayo, maziwa ya moto. "Kula, mama," alikuwa akimwambia Stela kwa upole kabisa, amesimama mlangoni na kanga yake kiunoni. "Kula, wajina wangu apate kunyonya." Mtoto alikuwa wa kike, na kwa desturi yetu alipewa jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo mama yangu alikuwa Ndeshi na mtoto alikuwa Ndeshi. Hakumwita mjukuu hata siku moja. Alimwita wajina.

Nilishuka mlimani mtoto akiwa na wiki chache, nikakuta mke wangu amekonda. Nilidhani ni giza la chumba. Nikakaa kitandani, akanishika mkono, akaanza kulia bila sauti ili wasisikie jikoni. Kisha akaniinamisha, akanionyesha chini ya kitanda: ndoo yenye mfuniko, na ndani yake mtori wa siku mbili. "Siwezi, Baba Ndeshi," akasema. "Nikisikia ile samli tu, tumbo linageuka. Nakula, natapika. Namwonea huruma mama yako, lakini siwezi." Maziwa yake yalikuwa yanapungua. Mtoto, akaniambia, alikuwa akinyonya, akiachia, akilia kilio kile cha hasira ambacho baadaye kinakuwa kilio cha uchovu, na cha uchovu ndicho kinachotisha. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Nimwambie nini? Kwamba chakula chake kinanitapisha?"

Siku hiyohiyo mama alikuwa amempeleka mtoto kliniki, yeye mwenyewe, kwa sababu mzazi hatoki. Aliporudi nilikuwa bado chumbani, na dirisha la nyuma lilikuwa wazi kidogo nyuma ya pazia. Nikamsikia akizungumza na jirani yetu, Mama Kandida, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usiokuwa na mlango.

"Nesi kasema hajaongezeka," mama akasema.

"Mae wee! Hajaongezeka hata kidogo?"

"Ameshuka. Kaniuliza, mama yake anakula? Nikamwambia anakula kwa mkono wangu huu. Akaniangalia tu."

"Hawa wa mjini matumbo yao membamba."

"Wajina wangu anakonda mikononi mwangu, Mama Kandida," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. "Nimekosea wapi?"

Stela naye alisikia. Akageukia ukutani. Ningeweza kutoka pale pale nikasema jambo lilivyo, na leo wakwe hukaa mezani wakaambiana kwamba mimi hiki kinanidhuru, naomba kile. Wakati ule mtu hakusema. Nikabaki nimekaa, na ili nipate la kusema nikamuuliza mke wangu kama kuna kitu chochote duniani angeweza kukila. Akafikiri. "Kile cha wazungu wako," akasema. "Ulichoniletea mara ile Njoro, mkate wenye chizi." Ilikuwa kweli, kabla hatujaoana niliwahi kumchomea kwenye jiko la mafuta la mwenye nyumba wake, akala minne, nikajua huyu nitamwoa.

Nilikuwa na kipande cha jibini kwenye begi, mabaki ya safari, nimekifunga kwenye gazeti. Mama alikuwa amekikuta alipotoa nguo zangu za kufua, akakinusa, akakiweka juu ya ukuta wa zizi mbali na watu. "Maziwa yako yamekufa," aliniambia, "nimeshindwa kuyatupa kwa sababu ni ya kazini." Mkate wa kukata niliununua dukani. Kilichobaki kilikuwa jiko, na jiko lilikuwa la mama. Msomaji wa leo ataniuliza tatizo liko wapi, kijana mzima na mikono yake. Tatizo ni kwamba mwanaume wa kwetu haingii jikoni kwa mama yake akachuchumaa kwenye mafiga. Anapita mlangoni, anaomba kaa la kuwashia sigara, basi. Nilijua watu wakiniona watanicheka. Nilidhani hilo ndilo jambo baya kuliko yote litakaloweza kutokea.

Nikangoja Jumapili. Mama na baba walikwenda ibada ya kwanza, mimi nikabaki ili nyumba isiachwe peke yake, niende ya pili. Nilivaa kabisa suruali yangu ya kanisani, suruali ya kijivu niliyoolea. Nikaingia jikoni. Paa lilikuwa jeusi linameta kwa moshi wa miaka, juu ya dari kuna kuni, chini chungu cha mtori, ambao Jumapili mama aliupika asubuhi badala ya kitawa, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Suruali yangu ikanitia wasiwasi, nikatwaa kanga ya mama iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango nikajifunga kiunoni. Nikavuta kuni pembeni nikabakiza makaa tu, maana jibini halitaki haraka, moto ukiwa mkubwa mkate unaungua nje na ndani jibini linakaa baridi kama jiwe. Nikapaka siagi kidogo, nikapanga jibini nililokata jembamba, nikafunika kwa slesi ya pili, nikakandamiza kwa kikombe cha bati. Nikafunika kikaango, juu ya mfuniko nikaweka makaa machache, ujuzi wetu wa kambini. Ukasikia ule mlio wa chini chini. Nilipogeuza ulikuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, na jibini linachungulia pembeni linachuruzika. Stela alikula miwili bila kupumzika, akalamba vidole, akaomba wa tatu. Akakaa. Nikamtazama kama mtu anayengoja bomu. Hakutapika. Akamshika mtoto akamweka kifuani na sisi wawili tukaanza kucheka, wajinga wale.

Basi ikawa kazi yangu. Kiongozi alipoleta habari ya safari nyingine nikamwambia mtoto anaumwa, akachukua mpishi mwingine. Nikashuka mjini kununua jibini kwenye duka la Mhindi mmoja tuliyekuwa tukinunua kwake vyakula vya safari, mzee mpole aliyekata kipande akakifunga kwenye karatasi ya nta na kuniuliza wageni wa safari hii wametoka nchi gani. Nikamtajia nchi. Kila mama alipokwenda shambani, au kukata majani ya ng'ombe, mimi nilikuwa jikoni, na kila aliporudi jiko lilikuwa kama alivyoliacha. Mtori niliumwagia ng'ombe. Nyama aliyoichagua mwenyewe buchani, ndizi alizomenya kwa vidole vyenye baridi yabisi, nilizipeleka kwenye hori la ng'ombe na bakuli tupu nikalirudisha. Mama aliliona limekwisha na uso wake ukafunguka. "Ameanza kula," akamwambia baba. Ile furaha yake ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Jumapili iliyofuata walinikuta. Umoja wa wanawake wa kanisani walikuwa wamepanga kuja kumwona mzazi, na mama, kwa kutaka kunishtua kwa furaha, au kwa sababu mambo ya wanawake hayakunihusu, hakuniambia. Ibada ilikwisha mapema. Sikusikia vishindo kwa sababu siagi ilikuwa inachemka kikaangoni. Nilisikia kicheko kimoja mlangoni, kifupi, kama cha mtu aliyekanyagwa. Nilipoinua kichwa walikuwa wamejaa pale, wamebeba mikungu ya ndizi na vibuyu vya maziwa, vitambaa vyeupe kichwani, na mbele yao mama yangu. Mimi nimechuchumaa, suruali ya kijivu, kanga ya mama kiunoni, kikombe cha bati mkononi.

"Yesu wangu," mmoja akasema.

"Mama Ami!" Mama Kandida akapasua kicheko, akimwita mama kwa jina langu. "Hukutuambia umepata mkwe mwenye ndevu!"

Hapo wakacheka wote, mpaka mmoja akaweka mkungu wake chini. Nami nilitabasamu lile tabasamu la mtu anayetaka ardhi immeze. Kama yangeishia hapo, leo ningelisimulia mwenyewe kwenye harusi. Lakini Mama Kandida, akitafuta pa kuweka maziwa, alifunua chungu. Mtori wa asubuhi ulikuwa umejaa vilevile, umeganda juu. Akautazama, akautazama mkate kwenye kikaango, akanitazama mimi. "Kumbe mzazi hali?" akasema, na hakuwa anatania tena. "Huyu kijana anamlisha mkewe kwa siri?" Kicheko kikakatika. Wanawake wakaangalia chini, wakaangalia ukuta, kila mahali isipokuwa usoni kwa mama yangu. Mimi nilimwangalia. Alikuwa amefungua mdomo kidogo. Nikaelewa hapo, nikiwa na moshi machoni, kwamba hakuna aliyekuwa na habari na mimi. Walichokiona ni mama mkwe ambaye mtoto wake mwenyewe amelazimika kuvaa kanga na kupika, kwa sababu chakula cha mama hakiliki.

"Kanga yangu," mama akasema.

Nikasimama, nikaifungua mbele yao wote. Fundo lilikataa. Nikahangaika nalo muda mrefu, vidole vyenye siagi, na hakuna aliyenisaidia wala aliyecheka. Nikampa. Akaikunja mara mbili, akaiweka begani, akawakaribisha wageni sebuleni kwa sauti yake ya kawaida.

Tangu siku hiyo mama hakuingia tena chumba cha mzazi na bakuli. Hakugomba wala hakununa. Alimwogesha mtoto, alifua nepi, alimjibu Stela shikamoo yake vizuri tu. Wakati wa kula ulipofika alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, mikono mapajani, akaniachia mlango wazi. "Mzazi ana mpishi wake," aliniambia nilipomwomba aingie. Stela alilia, akasema ataanza kula mtori hata kama ataufia. Akala vijiko vitatu akatapikia karai. Kwa hiyo nikaendelea kuchoma mkate, mchana kweupe, mama akiwa hatua chache nje, wapita njia wakipunguza mwendo kwenye ua wetu. Watoto walikuja kuchungulia. Kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, vijana waliamua jina langu ni Mkwe, Kalebu akiwa wa kwanza, wakaniuliza kama nami nitatolewa nje na kitenge kipya. Niliacha kwenda kilabuni. Kanisani nilikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Baba yangu hakuwa msemaji. Aliniita kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, katikati ya mibuni iliyobaki, akaendelea kupogoa migomba kana kwamba hakuniita. "Mlimani pika utakavyo," akasema mwishoni. "Kule ni kazi. Hapa umemvua mama yako nguo." Nikaanza kumweleza habari ya mtoto, ya nesi, ya kutapika. "Najua," akasema. "Mtoto ale. Lakini mama yako hukumwendea." Akakata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akanipa. Isale kwetu ni jani la kuombea msamaha. Mtu akikuletea hilo, hata kama amekuulia mtu, huwezi kumfukuza. Nililipeleka kwa mikono miwili, nikapiga magoti mbele ya kile kigoda. Mama akalipokea. "Nimepokea," akasema. Akalichomeka kwenye paa, akarudi kukaa palepale. Alikuwa amenisamehe kama desturi inavyotaka, na alibaki nje ya jiko lake.

Mtoto akaongezeka. Mama ndiye aliyempeleka kliniki na ndiye aliyerudi na habari. Alinikuta uani, akaniwekea mtoto mikononi, mtoto mzito, aliyelala mdomo wazi. "Nesi kauliza mama yake anakula nini siku hizi," akasema. Nikamuuliza alimjibu nini. "Nilisema sijui," akasema, akaingia ndani kubadili nguo. Nilibaki nimemshika mtoto, na badala ya kufurahi nilitaka kumrudishia.

Siku ya kumtoa mzazi ikafika. Stela hakutaka kutoka. Mtoto alikuwa mnene, mikunjo mapajani, lakini mama yake alikuwa mwembamba vilevile, mwenye afya lakini mwembamba, na wote watatu tulijua watu watamtazama nani. Mama alimfunga kitenge kwa mikono yake, akamkaza, akamgeuza amwone mgongoni. "Twende," akasema tu. Nje ya mlango wa kanisa, baada ya ibada, umoja wa wanawake walikuwa wamesimama. Wakampokea mtoto kwa vigelegele. Kisha mkono mmoja ukaenda kwenye mkono wa juu wa Stela, ukaubonyeza. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika mwavuli.

"Mama Ami," Mama Kandida akasema, na nadhani hakukusudia ubaya, alikuwa tu hawezi kunyamaza. "Mtoto kanawiri. Lakini huyu mama yake ulikuwa unamlisha nini?"

"Mkate," mama akasema.

"Mkate?"

"Mkate wa jibini. Unachomwa kwa moto mdogo. Tumbo lake halikupenda samli, nikaona nimbadilishie."

Wakatazamana. Mmoja akakohoa. "Lakini si tulimkuta Ami jikoni?"

"Mlimkuta anajaribu nilichomfundisha," mama akasema bila kupepesa. "Si ndiyo kazi yake huko mlimani? Anapika vibaya. Nilimwambia, baki ujaribu, nikirudi kanisani nione."

Mama Kandida akaanza kusifia kofia ya mtoto. Sijui kama waliamini, vijana wa kilabuni hawakuamini hata siku moja, lakini mwanamke gani angesimama mlangoni pa kanisa amwite mama yangu mwongo? Alikuwa ndiye anayefungua kipindi chao kwa sala. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akisema lisilo kweli, hata kwa mwuza nguo, hata kwa mtoto anayelia. Nilisimama na mwavuli wangu, mvua haipo, na nilitamani kusema kwa sauti kwamba nilikuwa mimi, kila siku, na kwamba mtori niliumwagia ng'ombe. Sikusema. Kusema kungemvua tena. Tukateremka nyumbani, yeye mbele na mtoto mgongoni.

Jioni aliniita. Alikuwa ndani ya jiko, mara ya kwanza tangu siku ile, amejifunga ile kanga, amechuchumaa mbele ya mafiga. Slesi za mkate zilikuwa kwenye sinia, na jibini langu limefunguliwa kwenye karatasi yake. Alikuwa ameligusa, nikaona alama ya kidole.

"Nionyeshe," akasema. "Nimeshasema nachoma. Sitaki kulala na uongo."

Nikapiga goti pembeni yake. Nikamwambia avute kuni, abakize makaa. Akavuta. Nikamwonyesha unene wa kukata, akakata kwa kisu cha ndizi. Wa kwanza uliungua, akautoa akaula mwenyewe, akautafuna wote amefumba macho kama anayekunywa dawa, akaumeza, akanywa maji. Wa pili aliusikiliza, sikio karibu na mfuniko, akageuza wakati wake bila mimi kumwambia. Ukatoka na ile rangi. Akauweka kwenye sahani, akaufunika kwa kitambaa cha kanisani, maana ndicho kilichokuwa karibu, akainuka kwa kushika goti langu.

"Ami," akasema, hanitazami, anaitazama sahani. "Wakikuuliza, nani alikuwa anamchomea mzazi?"

"Wewe, Mama."

"Haya. Toka sasa jikoni kwangu."

Nikatoka. Akapita mbele yangu na sahani, akapiga hodi chumbani, na nikamsikia akisema, kwa upole kabisa, "Kula, mama."